Usimeze hiyo klarithromaisini, piga simu kwanza

Weka hicho kidonge chini. Umeandika kwamba moyo wako mpya wa kupandikizwa una mwaka na kitu, mtoto kaleta mafua nyumbani, unakohoa tangu juzi, homa huna, na mfamasia kakupa klarithromaisini, ambayo ni antibayotiki, na ibuprofeni ya maumivu, huku akikuhakikishia kwamba pasipo homa hakuna la kuogopa. Halafu unauliza kama uende harusini na kama chanjo ya mafua tunaruhusiwa. Nimesoma mwili ukanisisimka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na dawa hizo hizo nikapewa.

Mafua yenyewe yalikuwa yanaelekea kuisha. Kilichonilaza wodini ni hizo dawa. Takrolimasi, dawa ya kushusha kinga tunayomeza asubuhi na jioni ili mwili usiukatae moyo, huvunjwa na vimeng'enya vya ini na utumbo. Klarithromaisini inavizuia vimeng'enya hivyo, kwa hiyo unameza dozi ile ile uliyoizoea, lakini inarundikana kwenye damu. Mikono ilianza kutetemeka hadi chai ikawa inamwagika, nikadhani ni uchovu. Kichwa kikagonga, presha ikapanda, mkojo ukapungua. Takrolimasi ikizidi hubana mishipa ya damu ya figo, na ibuprofeni nayo inaziondolea figo kinga yao dhidi ya kubanwa huko. Nilipofika hospitali kiwango cha takrolimasi kilikuwa juu mno, potasiamu imepanda, na daktari wa figo akaitwa mbiombio. Figo hazijarudi zilivyokuwa, na sitegemei zirudi. Yote hayo kwa antibayotiki, ambayo virusi vya mafua haviguswi nayo hata kidogo!

Yule mfamasia nilimwonyesha kadi yangu ya dawa. Aliishika mkononi, takrolimasi imeandikwa mstari wa kwanza kabisa, akanirudishia akisema mafua haya kila mtu anayo. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Angefungua kitabu chake cha mwingiliano wa dawa angeliona onyo. Angesema tu "sijui, muulize daktari wako" ningemshukuru. Mtu aliyekabidhiwa leseni hapaswi kubahatisha na figo za mwenzake.

Na hilo la homa ni uongo mtupu kwetu sisi. Homa huletwa na kinga ya mwili inapopambana, na sisi kinga yetu imeshushwa kwa makusudi ili isiushambulie moyo. Virusi vinaweza kuwa vimeshateremka mapafuni na kipimajoto kikaonyesha kawaida. Mapigo nayo usiyategemee, maana mishipa ya fahamu ilikatwa kwenye upasuaji na moyo uliopandikizwa mara nyingi hupiga 90 hadi 110 kwa dakika hata ukiwa umetulia. Kuchoka na kukosa pumzi kunaweza kuwa nimonia, kunaweza pia kuwa mwili unaukataa moyo, na ukiwa kitandani kwako huwezi kujua ni lipi. Louis Washkansky, mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwingine, pale Cape Town Desemba 1967, aliishi siku 18. Moyo ulikuwa unafanya kazi. Nimonia ndiyo iliyomuua.

Kwa hiyo: mafua yakianza tu, unapiga simu kwa timu yako ya upandikizaji kabla hujameza chochote. Chochote, hata dawa ya kikohozi, hata mitishamba ya "kuongeza kinga". Watakuchukua kipimo cha puani wajue ni kirusi gani. Ikiwa ni influenza kuna oseltamiviri, dawa ya virusi hivyo, inayofanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, ingawa kwa watu kama sisi huanzishwa hata muda huo ukipita. Ikiwa ni UVIKO-19, kuna vidonge vyenye ritonaviri ambayo hupandisha takrolimasi kuliko hata hiyo klarithromaisini, hivyo ni wao wa kuamua. Na usije ukaiacha takrolimasi mwenyewe kwa hofu ya haya niliyoandika, utaukosesha moyo ulinzi.

Usiniambie unaogopa kuwasumbua. Wauguzi wa kliniki yangu wanaitambua sauti yangu kabla sijajitaja, na nitaendelea kupiga wapende wasipende. Wamenizoea.

Chanjo, ndiyo, ile ya sindano. Ile ya kupuliza puani ina virusi hai, usiiguse. Na wa nyumbani kwako wachanjwe pia, huyo mtoto awe wa kwanza.

Kama umeshameza hata kidonge kimoja, waambie ulimeza saa ngapi na cha miligramu ngapi, uwaulize damu ikapimwe lini. Piga sasa hivi, kisha urudi utuambie wamesemaje.