Tezi Imekua, Haikuvimba

Msomaji wa Moshi, mwanafunzi wa afya ya mifugo, ameandika kwenye ripoti yake kwamba ng'ombe akikosa madini ya sodiamu, tezi zake za adrenali, zile zilizo karibu na figo, "huvimba". Mwenzake anataka "hutanuka". Anauliza nani yuko sahihi.

Hakuna, na kosa lako ndilo kubwa. Siku hizi kila kinachoongezeka ukubwa kimevimba! Mguu ulioteguka huvimba: una joto, unauma, umejaa maji. Jipu huvimba. Tumbo la ng'ombe likijaa gesi, sema limevimba au limefura, sina neno. Lakini unga wa maandazi huumuka, na mtoto hukua. Nani husifu mtoto wa jirani kwamba amevimba, sasa yuko darasa la tatu?

Tazama tezi yenyewe. Sodiamu ikipungua, figo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, homoni ya anjiotensini II huongezeka kwenye damu, nayo huchochea tabaka la nje la gamba la tezi, yaani la sehemu yake ya nje. Seli za hapo huongezeka ili zitoe aldosteroni, homoni inayozuia sodiamu isipotee kwenye mkojo. Potasiamu ikizidi, tabaka hilohilo huchochewa. Lile la ndani yake, linalotoa homoni ya kotisoli, hukuzwa na ACTH, homoni kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Usaha uko wapi hapo? Tezi imeongezewa kazi, ikakua. Mfugaji wa Longido ukimwambia tezi imevimba, atakimbilia sindano, na ng'ombe wake anayelamba udongo na mkojo anataka chumvi tu.

"Kutanuka" navumilia, kwa shingo upande, pale unapopima upana wa tabaka kwenye hadubini. Ila mpira ukivutwa hutanuka bila kuongezewa chochote. Tezi hii imeongeza seli.

Kinyume chake nacho kina neno lake. Uvimbe hunywea. Mnyama akidungwa deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, kwa muda mrefu, ACTH hupungua na tabaka la kotisoli husinyaa. Usiandike limenywea.

Adrenali ni Kilatini, kwa maana ya kilicho kwenye figo. Madini ni Kiarabu, na asili yake ni mgodi. Ndiyo maana ukiandika "madini" peke yake, msomaji wa Arusha anawaza tanzanaiti. Itaje sodiamu kwa jina. Sentensi yako iwe: "Ng'ombe akikosa sodiamu kwa muda mrefu, tabaka la nje la gamba la tezi zake za adrenali hukua."