Ukienda nyumbani na habari nzito, usingoje watu wamalize kula

Nilipanda basi la Tanga kutoka Dar es Salaam na karatasi ya daktari ndani ya mkoba. Figo zangu zilikuwa zimechoka. Nilikuwa nimeshaamua: nitawaambia mama na ndugu zangu wote kwa pamoja, Jumapili, tukishakula. Jumatatu asubuhi nikarudi Dar bila kusema neno.

Wiki chache baadaye nikaitazama Juste la fin du monde (yaani “Mwisho wa dunia tu”), filamu ya Xavier Dolan wa Canada, ya mwaka 2016. Ilibidi niisimamishe mara mbili. Louis, mwandishi wa miaka 34, anarudi kwao baada ya miaka 12 kuwaambia kwamba anakaribia kufa. Mama amejipamba kwa ajili yake. Suzanne, dada yake mdogo, anatamani kumfahamu kaka aliyemjua kwa kadi za posta tu. Nduguye Antoine anawaka kwa kila neno. Jioni Louis anaondoka, na hajamwambia mtu.

Hadithi hiyo ilianza kama tamthilia. Jean-Luc Lagarce, Mfaransa, aliiandika mwaka 1990 akijua kwamba yeye mwenyewe ana virusi vya UKIMWI. Alifariki mwaka 1995, akiwa na miaka 38. Wahusika wake husema jambo, wakajisahihisha, wakalirudia kwa namna nyingine, na bado halijatoka. Dolan aliubakiza usemaji huo, kisha akaisogeza kamera hadi unaona jasho usoni. Filamu ilipata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ingawa baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba ni makelele matupu. Mimi siwaungi mkono. Makelele yale ni woga. Nyumbani wanahisi umekuja na kitu, kwa hiyo wanajaza kila nafasi ambayo ungeweza kukisemea. Kwetu kaka yangu aliongea habari za pikipiki yake saa nzima, na mama kila nikinyamaza aliniuliza mbona siongezi mchuzi. Antoine anapomharakisha Louis atoke nyumbani, mwanzoni nilimchukia. Nilipoitazama mara ya pili nilimwona kama mtu anayekimbia kusikia.

Kwa hiyo ninakushauri: usingoje wote wakutane. Watu wakiwa wengi, kila mmoja anamtazama mwenzake, na wewe unabaki kungoja kimya ambacho hakiji. Tafuta mmoja, tena mapema, kabla hata ya kufungua zawadi. Mara nyingi si yule unayempenda zaidi. Ni yule anayesikiliza. Katika filamu ni Catherine, shemeji yake Louis, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza wanaonana. Hasemi mengi, tena anababaika, lakini ndiye anayeuliza swali linalogusa penyewe: muda gani?

Kwangu alikuwa wifi. Aliiona miguu yangu imevimba siku ile ile, akaninyamazia mbele za watu. Nilipompigia simu nilitamka sentensi moja niliyokuwa nimeifanyia mazoezi: “Wifi, naumwa figo, nasafishwa damu mara tatu kwa wiki.” Fanya mazoezi kwa sauti, kweli. Ukianza na “unajua, nilikuwa nataka…” utaishia kwenye bei ya nauli.

Nanyi mnaobaki nyumbani, mgeni wenu akianza kusema, msimkaribishe chai.

Mwezi uliofuata nilirudi Tanga. Wifi alikaa pembeni yangu kwenye mkeka, akamwomba kaka azime redio. Nikasema. Mama alikuwa na upawa mkononi. Akauliza, “Tangu lini?” Nikamjibu mpaka mwisho, na hakuna aliyenikatiza.