Kostiki si kichocheo cha sabuni

SWALI: Sisi ni kikundi cha kina mama wa Mikindani, tunatengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya nazi. Fundi mmoja alitwambia tuzidishe kostiki soda, eti ndiyo kichocheo. Kweli sabuni inawahi kuganda, ila wateja wanalalamika mikono inawawasha. Tuzidishe kiasi gani isilete madhara?

JIBU: Msizidishe hata kijiko, mama zangu. Huyo fundi amewapotosha, na wenzake wa aina hiyo wamejaa kuanzia hapa Mtwara hadi Lindi. Kichocheo huharakisha mmenyuko, yaani badiliko la kikemia, nacho chenyewe hakiishi. Kostiki ni malighafi, inatumika pamoja na mafuta mpaka kimojawapo kiishe. Kilo 1 ya mafuta ya nazi humaliza takriban gramu 183 za kostiki safi. Inayozidi hapo inabaki ndani ya mche, na ndiyo inayobabua ngozi za wateja wenu. Ni kweli kostiki nyingi huongeza kasi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Wanakemia hawapimi kasi kwa kutazama sabuni inavyoganda. Tunachota mchanganyiko kidogo kila baada ya dakika chache, tunatia tone la finoftalini, kemikali inayoonyesha kostiki kwa rangi, mchanganyiko unakuwa wa waridi, kisha tunadondosha asidi mpaka rangi ipotee. Asidi iliyotumika inatuonyesha kostiki iliyobaki. Ukifuatilia hivyo utaona mwanzo kazi inasuasua, kwa kuwa mafuta na maji yenye kostiki hukutana mpakani tu. Sabuni ya kwanza ikishapatikana, yenyewe huyatawanya mafuta ndani ya maji, na kasi inapanda ghafla.

Basi harakisheni kwa njia hiyo: pasheni mafuta yafike nyuzi 40 hadi 50, koroga bila kuacha, tieni sabuni ya zamani iliyokunwa. Kostiki ipimwe kwa mizani, si kwa kikombe, gramu 170 kwa kilo 1 ya mafuta, ili kostiki ndiyo iishe kwanza, halafu miche ikae wiki 4 kabla ya kuuzwa. Ile inayowasha iondoeni sokoni leo.

Na hao wanaopitisha unga usio na lebo wakiuita dawa ya kukausha sabuni, msinunue kwao chochote. Hawajui wanachouza, na ukiungua jicho huwaoni tena. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu, si sufuria ya alumini, maana kostiki huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Siku zote kostiki ndiyo itiwe kwenye maji, kidogo kidogo, wala maji yasimwagwe juu ya kostiki. Ikiwarukia, osheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila ndimu wala siki, kisha nendeni hospitali.