Kujihini na kujizuia

Swali: Nimekutana na sentensi "Alijihini raha ili wanawe wasome." Je, kujihini ni sawa na kujizuia? Na naweza kuandika "alijihini kutokula"?

Jibu: Yanakaribiana, lakini hayalingani. Msingi wake ni kitenzi hini, yaani kumnyima mtu kitu, hasa anachostahili: "Walimhini yatima urithi wake." Weka ji- mahali pa m-, na anayenyima na anayenyimwa wanakuwa mtu mmoja. Ndiyo maana kujihini hudai kitu ambacho mwenyewe angeweza kukipata akaamua kukikosa: usingizi, starehe, hata maneno. Ndugu yake wa karibu ni kujinyima. Kujizuia hushindana na msukumo unaomjia mtu, kama kicheko, machozi, hasira au haja ndogo. "Alijihini kupiga chafya" itawachekesha wasomaji, kwani chafya si tunu ya kujinyima.

"Alijihini kutokula" si sahihi. Kitenzi chenyewe kimeshabeba ukanushi, kwa hiyo -to- inaupindua: mtu huyo kajinyima kule kutokula, basi amekula! Andika "alijihini kula" au "alijihini chakula". Kosa hili limeenea zaidi kwenye kujizuia, na hata waandishi wazoefu huliachia lipite: "alijizuia kutocheka". Sema "alijizuia kucheka". "Alijizuia asicheke" nayo ni sawa, kwa sababu "asicheke" inaeleza lengo la kujizuia, wala si jambo lenyewe lililozuiwa.

Angalia pia umbo. Zuia huishia kwa -a, hivyo tunapata jizuie, jizuieni, ajizuie, sijizuii. Hini huishia kwa -i na irabu hiyo haibanduki: jihini, jihinini, ajihini, sijihini. "Ajihine" ni kosa. Tena, ji- ndiyo iliyokalia nafasi ya yambwa (yaani mtendewa), kwa hiyo usichomeke kiambishi kingine cha yambwa kando yake. Kirejeshi, kama -yo-, hakina shida: "raha aliyojihini".

Usichanganye na kujihimu, ambako ni kudamka mapema kwenda kwenye shughuli. "Alijihimu sokoni" na "alijihini soko" ni mambo mawili kabisa.

Katika mazungumzo ya kawaida, kujinyima kunatosha. Kujihini kunapendeza zaidi katika ushairi, mawaidha na maandishi yenye uzito kidogo.