Supakaa na chumvi ya barabarani: niliyojifunza chini ya gari

Kila majira ya baridi yanapokaribia na malori ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani yakaanza kupita usiku, sisi wapenzi wa magari hugawanyika. Wapo wanaofunika supakaa zao, yaani magari ya michezo ya kasi na bei kubwa, kwa kitambaa, wakachomeka chaja ya betri, wasiziguse tena mpaka mvua zioshe barabara. Na wapo wanaosema kwamba gari limeundwa liendeshwe, na kwamba supakaa za siku hizi, zenye alumini na nyuzi za kaboni mahali pa bati, hazina sababu ya kuogopa chumvi.

Nimekuwa upande huu na upande ule. Kwa miaka mingi nililifungia gari langu ndani, miezi minne au mitano kila mwaka. Kisha nikaanza kuliendesha, na sasa limepita majira manne ya baridi barabarani. Ni gari la alumini, injini iko katikati, nyuma ya viti. Ushauri wangu leo ni kuliendesha. Ila yule anayekwambia kwamba supakaa ya kisasa haidhuriwi na chumvi, mwombe kwanza alale chini ya gari na taa mkononi.

Hofu ya wanaofungia haikutoka hewani. Magari ya michezo ya zamani yaliundwa kwa bati la chuma lisilokingwa vizuri, na sehemu za ndani za fremu hazikufikiwa na rangi. Maji ya chumvi yakiingia humo yalikaa, na kutu ikala kutoka ndani kwenda nje; unapokuja kuona kipele juu ya rangi, bati lenyewe limeshatoboka. Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Porsche ilianza kutumia bati lililopakwa zinki kwenye 911 katikati ya miaka ya 1970. Honda NSX ikatoka mwaka 1990 na bodi nzima ya alumini. McLaren F1 ya mwaka 1992 ikawa gari la kwanza la barabarani ambalo kiini chake chote, yaani sanduku la kati wanamokaa watu na linaloshikilia gari zima, ni cha nyuzi za kaboni. Ferrari wakaingia kwenye alumini na 360 Modena mwaka 1999, na kufikia 2011, Lamborghini Aventador na McLaren 12C zilipotoka, kiini cha kaboni kilikuwa kimeanza kuzoeleka katika daraja hilo.

Kwa hiyo wanaojiamini wana hoja, na ni hoja nzito. Kaboni haishiki kutu kabisa. Alumini hujijengea utando mwembamba wa oksaidi unaoikinga, na ikikwaruzwa utando hujirudia. Ukitazama kiini peke yake, gari la leo lina nafuu kubwa kuliko babu yake.

Tatizo ni kwamba gari si kiini peke yake. Kwenye Aventador, kwa mfano, mbele na nyuma ya kiini cha kaboni kuna fremu za alumini, na ndizo zinazobeba injini na mikono ya magurudumu. Kila kitu hapo kimeungwa kwa boliti. Na chumvi hupenda maungio.

Niruhusu nieleze hili polepole, kwa sababu ndilo lililonifungua macho. Metali mbili tofauti zikigusana, halafu zikaloweshwa na maji yanayopitisha umeme, unakuwa umetengeneza betri ndogo. Metali dhaifu kati ya hizo mbili ndiyo inayoliwa. Maji matupu ya mvua hupitisha umeme kidogo sana, lakini maji ya chumvi huupitisha vizuri, na kloridi iliyomo huuchimba ule utando wa alumini mpaka vishimo vitokee. Boliti ya chuma ikikaa ndani ya alumini, alumini ndiyo inayolipa. Kaboni nayo, ingawa si metali, hupitisha umeme, na ikigusana na alumini huila vibaya zaidi kuliko chuma. Wahandisi wanalijua hili: huweka tabaka la nyuzi za kioo kati ya kaboni na alumini, hupaka boliti dawa maalumu, hutumia gundi na washa za kutenganisha. Kinga hizo hufanya kazi vizuri sana, mradi zisiguswe.

Zangu ziliguswa. Gari lilipokwenda kwa huduma ya kawaida, boliti mbili za kushikilia bamba la chini zilipotea, na fundi akaweka za chuma cha pua zilizokuwa karibu naye. Nilipoziona ziking'aa nilifurahi, maana nilijua chuma cha pua hakishiki kutu. Baada ya majira mawili ya baridi nilifungua bamba hilo. Boliti zilikuwa kama mpya. Alumini iliyozizunguka ilikuwa imegeuka unga mweupe, na moja ilitoka pamoja na uzi wake wote, bila hata kuzungushwa. Boliti nyingine kumi na kitu, zile zilizokuja na gari, zenye rangi ya kijivu isiyovutia, zilifunguka bila taabu. Tangu siku hiyo sikubali boliti nyingine chini ya gari langu isipokuwa ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha vipuri, yenye upako uleule. Hata ikichukua wiki tatu kufika, nasubiri.

Sehemu ya pili ya kutazama ni pua ya gari. Supakaa ina matundu makubwa mbele, na nyuma ya matundu hayo zimo rejeta na kondensa ya kiyoyozi, zenye mapezi ya alumini membamba kama karatasi. Majani makavu huingia humo, hujikusanya chini, hulowa maji ya chumvi, na hukaa yakiwa yameibana alumini kama kitambaa kibichi kwa miezi. Kondensa yangu ilitoboka upande wa chini kabisa, mahali pasipoonekana bila kuvua bampa. Siku ya kwanza ya joto niliwasha kiyoyozi, kikapuliza hewa ya moto. Sasa kabla baridi haijaanza natoa majani hayo kwa mkono na kifyonzavumbi chenye bomba jembamba. Ni kazi ya saa moja.

Breki watu huziogopa kuliko zinavyostahili. Diski za kaboni na kauri hazina chuma cha kushika kutu, na zile za chuma, ingawa huwa za rangi ya machungwa asubuhi, hujisafisha ukikanyaga mara chache. Jihadhari tu na utando wa chumvi unaobaki juu ya diski ukienda mwendo mrefu bila kufunga breki: mkanyago wa kwanza unaweza kuchelewa kushika. Mimi hukanyaga kidogo kila baada ya muda, nikihakikisha hakuna mtu nyuma yangu.

Kuhusu tairi sina mengi. Chini ya nyuzi 7 hivi za joto, mpira wa tairi za kiangazi huanza kuwa mgumu, na zile laini kabisa zinazotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mbio zinaweza hata kupasuka ukiziviringisha kwenye baridi ya chini ya sifuri. Nunua seti ya majira ya baridi. Usijadiliane na nafsi yako juu ya hili.

Sasa kuosha, maana hapa ndipo pana mzizi wa jambo lote. Kabla ya kujua jinsi chumvi inavyofanya kazi, nilidhani siku mbaya ni ile ya baridi kali. Sivyo. Kutu na ulaji wa alumini ni kemia, na kemia hupungua kasi kwenye baridi. Siku ya hatari ni ile ya joto la sifuri au zaidi kidogo, barabara ikiwa na uji wa theluji unaorushwa na magurudumu mpaka kwenye kila upenyo. Na siku ya hatari kuliko hiyo ni kesho yake, gari likiwa limeegeshwa.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na banda zuri lenye joto. Alikuwa akirudi na gari likidondosha maji ya chumvi, analiingiza ndani, anafunga mlango, akiamini amelihifadhi. Mimi nililiacha langu kwenye banda la baridi. Tulipoyainua yote mawili miezi ya joto ilipofika, la kwake ndilo lililokuwa na boliti zilizovimba na mabomba ya breki yenye kutu, ingawa langu lilikuwa limetembea zaidi. Joto lilikuwa limeiyeyusha barafu iliyoganda chini na kuiharakisha kemia. Kumbuka pia kwamba si barabara zote humwagiwa chumvi ileile tunayoijua. Ile ya kawaida hupoteza nguvu baridi ikishuka chini ya takribani nyuzi 9 hasi, kwa hiyo penye baridi zaidi hutumika kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, na hizo huvuta unyevu wenyewe kutoka hewani. Kloridi ya magnesiamu huanza kulowa hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu. Banda unaloliona kavu, kwa kloridi hiyo si kavu.

Basi mimi huosha kabla ya kuingiza, si wikendi ijayo. Rangi naiacha mwisho, na siku nyingine siioshi kabisa, kwa sababu rangi ya kisasa yenye filamu ya kinga huvumilia. Naanza chini. Natumia maji mengi yenye nguvu ndogo: bomba la bustani lenye kichwa cha kunyunyizia, nikilisukuma chini ya gari kutoka mbele kwenda nyuma. Mashine ya presha naitumia kwenye matao ya magurudumu tu, na kwa mbali, kwa sababu ikikaribia sana hukunja mapezi ya rejeta na kusukuma maji ya chumvi kupita mipira ya kuzuia maji, hadi kwenye soketi za umeme. Mabamba bapa ya chini, yaliyowekwa ili hewa ipite vizuri, ndiyo maficho makubwa: mchanga na chumvi hukaa juu yake, upande usiouona. Mara mbili kwa mwaka nayavua yote. Nikimaliza kuosha naendesha dakika kumi ili upepo na joto la injini vikaushe. Kabla ya msimu napaka nta ya kuzuia kutu kwenye boliti na maungio, nikiepuka breki, bomba la moshi na mipira.

Je, yapo magari ambayo mimi mwenyewe ningeyafungia? Ndiyo. Gari la zamani la bati tupu, au lenye fremu ya chuma chini ya bodi ya fiberi, au lile ambalo vipuri vyake havitengenezwi tena. Hapo mwenye kufunika kwa kitambaa ana haki, wala simbishii.

Na ukienda kununua supakaa iliyotumika, iache rangi. Omba iinuliwe, utazame vichwa vya boliti, ukingo wa chini wa kondensa, na kila mahali metali mbili zinapokutana. Unga mweupe utakueleza historia ambayo muuzaji hakuitaja. Lakini usiikimbie gari kwa sababu tu imetembea wakati wa baridi. Nimeona zilizotembea kila siku zikiwa safi chini kuliko zilizolala.

Jana nilirudi jioni, barabara ikiwa nyeupe kwa chumvi iliyokauka, mikono bado ikisikia usukani. Nililaza bomba chini ya gari. Maji yalitoka ya kijivu, na mawe madogo yakaanguka kutoka kwenye tao la nyuma. Baada ya dakika ishirini hivi yakawa yanatoka safi, nami nikawasha injini tena kwenda kulikausha.