Maswali ya Wasomaji: Babu wa Kongwa na Daftari la Ubatizo la Norfolk

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kongwa. Baba mzazi wa mama yangu alikuwa Mwingereza aliyekuja huku kuendesha matrekta katika ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mradi ulipokufa mwaka 1951 alirudi kwao, mama yangu akiwa bado mtoto wa mgongoni. Bibi ametuachia bahasha moja, na ndani yake mna nakala ya cheti cha ubatizo cha mwaka 1912 kutoka kijiji kimoja cha Norfolk, chenye jina la babu, majina ya wazazi wake, na kazi ya baba yake, ambaye ameandikwa kuwa kibarua wa shamba. Mwanangu amekuta kwenye intaneti mtu mwenye jina hilo hilo, na ukoo wake umeshachorwa mpaka mwaka 1560. Je, huyo ndiye babu yetu? Na kama siye, nianzie wapi? Jina la ukoo naomba usilichapishe.
Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina nimelihifadhi.

Huyo wa kwenye intaneti simkubali wala simkatai, kwa sababu mpaka sasa mnachojua juu yake ni jina, na jina si mtu. Hilo nilifundishwa kwa aibu. Nilipokuwa karani wa parishi moja huku Ugogo, kijana alikuja kuomba cheti cha ubatizo ili atangaziwe ndoa. Nikafungua daftari kwenye Pasaka ya mwaka aliotaja, nikamwona Yohana mwana wa Mikaeli, nikanakili pamoja na jina la mama yake, nikagonga mhuri. Jumapili ya kwanza ya matangazo, mama mmoja alisimama katikati ya ibada akauliza ni vipi mwanawe, aliyemzika kwa surua akiwa na miaka minne, anaoa. Mstari wa chini yake, ambao kidole changu hakikuufikia, alikuwapo Yohana mwingine, mwana wa Mikaeli mwingine, wa kitongoji cha ng'ambo ya korongo, aliyebatizwa siku hiyo hiyo. Vijiji vya Uingereza vina taabu hii kuliko sisi, kwa kuwa kwa karne nyingi walizungushia watoto wao majina machache, John, William na Thomas kwa wavulana, Mary, Elizabeth na Ann kwa wasichana, na ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kila mmoja kumpa mwanawe jina la babu yule yule.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuhangaika na Norfolk, anzia hapo hapo Kongwa. Daftari la kwanza unalotakiwa kufunguliwa ni la kanisa alikobatizwa mama yako, kwa sababu hakuna karatasi ya kijiji cha Norfolk itakayomtaja bibi yako. Nenda kwa katibu wa parishi na jina la mama yako, mwaka wa kuzaliwa kwake na jina la msimamizi wake wa ubatizo kama analikumbuka, kisha uombe kuonyeshwa mstari wenyewe, wala usiridhike na cheti kipya kilichoandikwa juzi. Tazama nafasi ya baba: imejazwa, imeachwa wazi, au imeandikwa kisha ikakwaruzwa? Kila moja kati ya hayo ni habari. Unakili kama ilivyo, hata herufi zilizokosewa.

Daraja la pili ni meli. Orodha za abiria waliotoka na kuingia Uingereza kwa safari ndefu za baharini zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, mpaka mwaka 1960, na nyingi zinaweza kutafutwa kwa mtandao. Kama babu yako alirudi kwa meli, utamkuta na umri wake, kazi yake, na mahali alikosema anakwenda kukaa huko kwao. Mtu wa jina lake mwenye miaka 38 au 39, aliyepanda Dar es Salaam au Mombasa mwaka 1951 na kutaja kijiji kile kile cha cheti chako, huyo si jina tupu tena.

Ukishavuka hapo, urudi nyuma hatua moja moja, usiruke. Cheti ulicho nacho ni cha ubatizo, nacho hakisemi jina la ukoo alilozaliwa nalo mama yake babu. Jina hilo ndilo utakalolihitaji kuliko jingine lolote. Serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, na katika faharasa ya vizazi ya kuanzia katikati ya mwaka 1911 jina la ukoo la mama limewekwa kando ya jina la mtoto. Bahati imekuangukia, kwa kuwa babu yako alizaliwa baada ya hapo. Ukishalipata, tafuta ndoa ya wazazi wake, maana tangu mwaka 1837 hati ya ndoa, iwe ya kanisani au ya serikalini, inataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Hati moja inakupandisha kizazi kizima, pande zote mbili.

Halafu kuna sensa, na hapa nitakaa kidogo. Waingereza huhesabu watu kila baada ya miaka 10, na karatasi za kila kaya hufichwa kwa miaka 100 kabla ya kufunguliwa. Ile ya Juni 1921 iko wazi, na ndani yake babu yako ni mtoto wa miaka minane au tisa, na safari hiyo umri uliandikwa kwa miaka na miezi. Lakini ile itakayokutoa machozi ni ya tarehe 2 Aprili 1911. Katika ile, karatasi iliyotunzwa ni ile ile aliyoijaza mkuu wa kaya kwa mkono wake. Ikiwa wazazi wa babu yako walikuwa wameshaoana, utaona mwandiko wa kibarua wa shamba aliyeketi jioni mezani na kalamu ya wino, akaeleza ndoa yao ina miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi walio hai na wangapi wamekufa. Wengine walijaza majina ya waliokufa, wasiotakiwa kuorodheshwa, na afisa akayakata kwa mstari. Mstari ule haukuyafuta. Yanasomeka mpaka leo.

Sensa ya mwaka 1851 ndiyo ya kwanza kutaja parishi aliyozaliwa kila mtu, na hiyo itakuonyesha mlango wa kuingilia madaftari ya kanisa ya zamani zaidi. Ile ya 1841 iogope kidogo, kwa kuwa umri wa watu wazima ulishushwa mpaka kwenye tano au kumi iliyo karibu, hivyo mtu wa miaka 39 akaandikwa 35.

Madaftari yenyewe yalianza kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, mwezi Septemba 1538. Kila parishi iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, kitabu kikae ndani ya kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padri na mwingine kwa wazee wa kanisa, na kila Jumapili kiandikwe mbele yao. Wananchi walinong'ona kwamba ni hila ya kutoza kodi. Haikuwa hivyo wakati ule, ingawa mwaka 1783 serikali nyingine kweli iliweka kodi ya peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, ikadumu mpaka 1794, na maskini waliosamehewa wakatiwa alama kando ya majina yao. Tangu mwaka 1598 iliamriwa pia nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu, jambo jema sana, kwa kuwa panya wa parishi wakila kitabu, nakala ya askofu huenda ingalipo.

Ubora wa maandishi hupungua kadiri unavyorudi nyuma. Kuanzia tarehe 1 Januari 1813 vitabu vilichapishwa vikiwa na nafasi maalumu, ubatizo minane kwa ukurasa, na kila mmoja una makazi na kazi ya baba. Kabla ya hapo padri aliandika alivyopenda, na mara nyingi utapata maneno haya tu: John mwana wa William na Mary. Kabla ya mwaka 1733 unaweza kuyakuta kwa Kilatini. Ndoa ziliwekewa utaratibu mkali tangu Machi 1754, wanandoa na mashahidi wakatia saini au alama ya msalaba. Na kati ya miaka ya 1640 na 1660, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, madaftari mengi yana pengo. Huyo aliyechora ukoo mpaka 1560 amelivuka pengo hilo kwa karatasi gani? Mwulizeni kwa adabu. Asipoitaja, mkunjie faili lake.

Ukifika mahali kibarua wako anatoweka kijijini, usidhani amekufa. Watumishi wa mashamba wasiooa waliajiriwa kwa mwaka mmoja mmoja, wakahama kutoka parishi hii kwenda jirani. Ndoa kwa kawaida ilifungwa parishi ya bibi harusi. Na Norfolk ilikuwa na Wamethodisti wengi ambao ubatizo wao haumo katika kitabu cha kanisa la Anglikana. Chukua ramani, zungushia vijiji vya karibu, vitafute vyote. Umaskini wenyewe nao uliacha karatasi. Kwa sheria ya mwaka 1662 parishi ilimrudisha fukara kwao alikotambulika, na kabla ya kumrudisha ilimhoji alizaliwa wapi na alitumikia kwa nani. Hati hizo za mahojiano zina maisha ya watu ambao vinginevyo wangebaki mistari mitatu katika vitabu vitatu.

Usimwandikie padri wa kijiji kwanza. Siku hizi padri mmoja wa huko anaweza kuhudumia makanisa sita, na kanuni ya mwaka 1978 ilitaka madaftari yaliyopita miaka 100 yapelekwe katika hifadhi ya nyaraka ya eneo husika, ambayo kwa Norfolk iko mjini Norwich. Mtandao wa FamilySearch, wa kutafutia kumbukumbu za koo, haulipishi, na FreeREG, ule wa madaftari ya parishi, vilevile. Ukiona orodha iliyochapwa, tafuta na picha ya ukurasa wenyewe kila inapopatikana, kwa sababu aliyechapa naye ana kidole kama changu.

Neno moja la mwisho kwako. Babu yako alikuwa mtu mzima alipokuja Kongwa, na huenda huko kwao kuna watoto wake wengine wasiojua lolote juu ya bibi. Ukiwapata, barua ya kwanza iwe fupi, isiyodai kitu, na picha ya bibi ingojee barua ya pili.

SWALI: Mzee wetu, mimi ni katibu wa parishi hapa Dodoma mjini. Tuna mgeni Mwingereza anayesali nasi, ametuonyesha karatasi za ukoo wake. Wazee wake walifunga ndoa mwezi Mei 1720, lakini mtoto wao wa kwanza amebatizwa Februari 1720 katika kitabu hicho hicho. Ameona haya kidogo. Je, tumwambieje?
Katibu, Dodoma

JIBU: Mwambieni awatake radhi wazee wake. Uingereza ya wakati ule haikuanza mwaka tarehe 1 Januari katika vitabu vyake bali tarehe 25 Machi, na hali hiyo iliendelea mpaka kalenda ilipobadilishwa, mwaka 1752 ukawa wa kwanza kuanza Januari. Kwa padri yule, Mei 1720 ilitangulia na Februari 1720 ikafuata, nayo kwa hesabu yetu ni Februari 1721. Mgeni afungue kitabu atazame mpangilio wa kurasa, atakuta ubatizo huo umeandikwa baada ya Desemba. Katika karatasi zake aandike 1720/21, kama wafanyavyo wenye kuijua kazi hii, ili mjukuu wake asirudie kuona haya. Huku kwetu wazee waliosema wamezaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo, nao tuliwashangaa mpaka tulipojifunza kuhesabu kwa hesabu yao. Kuanzia Mei mpaka Februari ni miezi tisa.