Ofisi na ghala, mtandao mmoja, bila kuchimba mtaro

Kuna msomaji ameniandikia juzi. Ana majengo mawili na antena mbili zinazotazamana bila kizuizi, na ping, yaani jaribio la kuona kama kifaa cha pili kinajibu, inajibu vizuri. Ila akijaribu kuifanya mitandao yake miwili iwe mmoja, kompyuta za upande wa pili hazipati anwani. Fundi kamwambia hakuna njia isipokuwa achimbe mtaro alaze faiba. Nimeusoma ujumbe ule nikaudhika upya, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi mbele ya mteja.

Kazi yenyewe ilikuwa ofisi na ghala. Programu ya stoo ilikuwa ya zamani, na ili kuipata seva ilitangaza kwa kila kifaa kilicho kwenye mtandao wake. Matangazo ya namna hiyo hayavuki ruta, kwa hiyo routing peke yake, yaani kuunganisha mitandao miwili tofauti kupitia ruta, isingetufaa; ilibidi ghala na ofisi ziwe mtandao mmoja kabisa. Mtaalamu wa kampuni iliyofunga antena alisema kikaoni kwamba haiwezekani, na kwamba anayedai inawezekana hajasoma. Aliyekuwa anadai ni mimi. Hakuna aliyenitetea, na hadi leo nikikumbuka kile kicheko chake kinaniuma.

Alikuwa na nusu ya ukweli. Kwa kawaida, fremu ya Wi-Fi, yaani kifurushi kimoja cha data hewani, kati ya kifaa mteja na kituo chake hubeba anwani tatu tu za MAC, zile namba za utambulisho wa vifaa. Kompyuta iliyo nyuma ya antena mteja haina nafasi humo, na kituo kinamtambua yule tu aliyejisajili kwake. WDS, mfumo wa kuunganisha vituo vya Wi-Fi, huongeza anwani ya nne, lakini vifaa vya watengenezaji tofauti mara nyingi havielewani hapo, na antena zetu zilikuwa za aina mbili. Nadhani na wewe, msomaji wangu, umekwama papo hapo.

Nilichofanya ni kuacha antena zipitishe IP tu, kama zilivyokuwa. Nyuma ya kila antena nikaweka ruta ya MikroTik, nikahakikisha ruta hizo mbili zinapigiana ping, kisha nikajenga kati yao handaki la EoIP (Ethernet over IP, njia ya MikroTik ya kupitisha Ethernet juu ya IP). Fremu nzima ya Ethernet inatiwa ndani ya pakiti ya IP kama barua ndani ya bahasha, na antena hazijui kilichomo. Namba ya handaki iwe ileile pande zote mbili, halafu kila ruta iweke handaki na porti za ndani kwenye bridge moja, yaani daraja linaloziunganisha ziwe mtandao mmoja. Porti inayokwenda kwenye antena ibaki nje ya bridge hiyo, la sivyo utajitengenezea kitanzi, fremu zizunguke bila mwisho. Na ukinakili seti za ruta ya kwanza kwenda ya pili, kagua MAC za handaki: zisifanane.

Ghala likaamka. Printa ya ofisini ikaonekana ghalani, seva ikapatikana, mteja akanishika mkono. Yule mtaalamu sikumwona tena.

Sasa jambo linalowashinda wengi: ping inapita, kurasa nyepesi zinafunguka, lakini faili kubwa linaganda. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita nzima. EoIP huongeza baiti 42, hivyo pakiti ya baiti 1500 inakuwa 1542 nje ya handaki. Ruta yenyewe itakuwekea 1458 kwenye handaki, na bridge haina namna ya kuiambia kompyuta ipunguze. Fremu kubwa zinatupwa kimyakimya. Weka 1500 kwenye handaki, ukubali ruta igawanye pakiti ya nje vipande viwili. Prosesa itafanya kazi zaidi, lakini data itafika. Kama antena zako zinaruhusu MTU ya 1542 au zaidi (ukitumia IPsec nitakayoitaja chini, inadai nafasi zaidi ya hiyo), pandisha huko, hutahitaji kugawanya chochote. Pima kwa kompyuta ya Windows: ping -f -l 1472 kwenda kwa kifaa cha upande wa pili. Ikijibu, MTU yako imekaa sawa.

Jamani, tujifunze kupima kabla ya kumwambia mtu haiwezekani. Wateja wanalipa gharama kubwa kwa sababu fundi hakutaka kukaa chini asome. Ukiitwa mtaalamu, una deni la kujua fremu inabeba nini.

DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, iache seva moja tu, maana mbili zikiwa kwenye mtandao mmoja, yoyote itakayowahi kujibu ndiyo itakayogawa anwani. EoIP haifichi data, basi weka siri (nenosiri) ya IPsec, mfumo wa kusimba data, ileile pande zote mbili. Kwenye firewall ruhusu GRE, protokali namba 47 inayobeba handaki la EoIP. Usihangaike kutafuta porti ya GRE, haina; ila ukiweka IPsec, ruhusu pia UDP 500 na ESP, protokali namba 50. Kama ruta zako si MikroTik bali zinatumia OpenWrt, mfumo huria wa ruta, handaki liitwalo gretap linafanya kazi hiyohiyo, ila pande zote mbili ziwe gretap. Niandikie tena ukishajaribu, unitajie aina ya ruta na MTU uliyoiweka.